UZI: Pamba ya Mali tangu mashamba ya lazima hadi leo. Kwa nini tani zake hupanda na kuporomoka vile?

#1 Sahelini (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani pamba ikitajwa, mjadala huenda moja kwa moja Simiyu, Shinyanga na Geita, na ni sawa kwa sababu ndiko wengi wetu tulikoliona zao hili. Leo naomba tuelekee Mali. Kazi imenifikisha mara kadhaa kusini mwa nchi ile, Sikasso na Koutiala, na kila nikirudi nakuta watu wanaizungumzia pamba ya Afrika Magharibi kama suala la mvua na jangwa tu. Inaniuma, kwa sababu maelezo hayo yanamfuta mkulima kwenye habari yake mwenyewe.

Hoja yangu naiweka wazi mapema. Ukipanga takwimu za pamba ya Mali msimu kwa msimu, karibu kila poromoko kubwa lina uamuzi wa wakulima nyuma yake. Walipiga hesabu, wakaona hailipi, wakapanda mtama na mahindi. Mvua inaeleza sehemu ndogo.

Nianze mbali. Pamba haikuletwa na Mfaransa. Kwenye mapango ya majabali ya Bandiagara, walikozikwa watu wanaoitwa Watellem, vimepatikana vitambaa vya pamba vya karne ya 11 na 12, vimefumwa vipande vyembamba kisha vikashonwa pamoja, na ufumaji wa namna hiyo unaendelea hadi leo. Kwa hiyo Wafaransa walikuta soko linalojitegemea: wakulima, wanawake wasokotaji, wanaume wafumaji, na wafanyabiashara waliopeleka nguo mbali.

Viwanda vya Ufaransa vilitegemea pamba ya Marekani, na mwaka 1903 wenye viwanda wakaunda chama cha kutafuta pamba makoloni. Ikaja mbegu, ikaja kodi, yakaja mashamba ya lazima ambayo kijiji kililima kwa amri ya mtawala. Bado pamba iliyofika bandarini ilikuwa kidogo. Mfumaji wa kijijini alikuwa analipa vizuri kuliko mnunuzi wa Kifaransa, basi mkulima alimuuzia mfumaji. Hiyo naihesabu kuwa kura ya kwanza ya mkulima wa pamba wa Mali, na alipiga akiwa chini ya ukoloni.

Jibu la wakoloni lilikuwa kujenga Office du Niger, mradi mkubwa wa umwagiliaji kwenye mto Niger, mwaka 1932, chini ya mhandisi Emile Bélime. Mpango ulikuwa kumwagilia takriban hekta 960,000 ndani ya miaka 50, zaidi ya nusu ziwe za pamba. Bwawa la Markala lilianza kujengwa 1934, likamalizika 1947, kwa kazi ya kulazimishwa. Walowezi wa mashamba yale walikusanywa kutoka mbali, wengi wakiwa Wamossi kutoka iliyo Burkina Faso ya leo, na hawakuja kwa hiari yao. Matokeo? Hekta zilizolimwa zilikuwa sehemu ndogo sana ya ndoto ile, na mwaka 1970 kilimo cha pamba pale kiliachwa kabisa. Leo Office du Niger ni mpunga.

Pamba ilistawi kwingine, kwenye mashamba ya mvua ya kusini. Mwaka 1949 iliundwa kampuni ya umma ya Kifaransa, CFDT, ikaja na utaratibu tofauti: mbegu bora, mbolea, dawa, plau ya ng'ombe, na mnunuzi wa uhakika mwenye bei inayojulikana. Mali ilipopata uhuru mwaka 1960 pamba mbegu (inavyotoka shambani) ilikuwa haijafika tani 20,000 kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa imekaribia tani 70,000. Mwaka 1974 ikaundwa CMDT, asilimia 60 ya serikali ya Mali na 40 ya CFDT, na hiyo ndiyo ikawa kila kitu kwenye pamba: bwana shamba, muuza mbolea, mnunuzi, msafirishaji, mchambuaji na muuzaji nje. Ilitengeneza hata barabara za vijijini.

Msimu wa 1990/91 nchi ilivuka tani 270,000. Januari 1994 faranga ya CFA, sarafu ya Mali, ikashushwa thamani kwa nusu, bei kwa mkulima, iliyokuwa imeganda kwenye faranga 85 kwa kilo kwa miaka mingi, ikaanza kupanda, na kufikia 1997/98 uzalishaji ulikuwa zaidi ya tani 520,000. Umeongezeka karibu mara mbili ndani ya miaka michache, kwenye udongo ule ule na kwa mvua zile zile.

Halafu msimu wa 2000/01: tani 243,000 hivi. Watu wa nje walidhani ukame. Haukuwa ukame. Bei ilikuwa imeshushwa msimu uliotangulia, vijiji vimejaa madeni ya pembejeo, CMDT ina matatizo makubwa ya fedha, na wakulima wa sehemu nyingi wakakubaliana kutopanda. Mgomo wa shambani, si wa barabarani. Msimu uliofuata bei ikapandishwa hadi faranga 200, na pamba ikarudi hadi tani 571,000.

Nina mengi ya 2007 na 2020 pia, lakini nianze kwa kuwasikia.

#2 Bariadi Kwetu

Mkuu umenigusa, mimi ni mtoto wa wakulima wa pamba. Uzi mzuri sana, naweka kambi.

Swali langu. Huku kwetu wanunuzi ni wengi, kuna bei dira, mkulima anapeleka AMCOS, na bei ya dunia ikiyumba mkulima anayumba nayo msimu huo huo. Wao wana mnunuzi mmoja tu. Je, mkulima aliye maporini kabisa analipwa sawa na aliye karibu na kinu? Na mkopo wa mbolea unalipwaje kama mazao yameharibika?

#3 Sahelini

Bariadi Kwetu, maswali yako ndiyo kiini cha mfumo wao.

Bei ni moja nchi nzima. Aliye Kita magharibi, eneo lililoingizwa kwenye pamba miaka ya 1990, na aliye mlangoni pa kinu cha Koutiala wanalipwa kilo kwa bei ile ile, na bei inatakiwa itangazwe kabla ya kupanda. Kwa maneno mengine wa karibu anamlipia wa mbali usafiri. Wachumi wengi wa benki za kimataifa waliuchukia utaratibu huu, lakini nendeni mkaulize wa mbali.

Mkopo unakuja kwa msimu, mbolea na dawa zinaletwa kijijini, na deni linakatwa pamba inapouzwa. Dhamana ni ya kundi zima. Jirani yako akivuna kidogo, sehemu yako ya malipo inazuiliwa kufidia deni lake. Miaka mizuri utaratibu huu unafanya mkulima asiye na hati wala dhamana apate mbolea, jambo ambalo kwa mazao mengine ni ndoto. Miaka mibaya unavunja vijiji. Kuna watu waliovuna vizuri wakarudi nyumbani mikono mitupu, na ndugu hawasalimiani hadi leo.

Makundi yenyewe yana historia ya kuheshimika. Mwaka 1974, vijiji vya upande wa Koutiala vilikataa kuendelea kupimiwa pamba na watu wa kampuni kwa sababu mizani ilikuwa inawaibia. Wakadai wapime wenyewe. Kampuni ikakubali, na kutokana na hapo vikaenea vyama vya vijiji vilivyopima, vilivyotunza vitabu vya hesabu na kulipwa ujira wa kazi hiyo. Madarasa ya kusoma na kuandika kwa Kibambara yakafunguliwa kwa sababu chama kilihitaji karani. Pesa ya ujira wa mizani ilijenga shule, visima na zahanati vijiji vingi. Halafu mwaka 1991, mwaka ule ule Rais Moussa Traoré alipoangushwa, wakulima wa Koutiala waligoma, na kutokana na mgomo ule kikazaliwa chama chao cha kutetea maslahi, SYCOV.

Kwa hiyo tunapofika mgomo wa 2000, watu hawa walikuwa wamekaa kwenye vikao vya hesabu kwa zaidi ya miaka 25. Walijua walichokuwa wanakifanya.

#4 Mtafuta Ukweli

Mleta uzi nakuheshimu lakini nakupinga. Unampa mkulima nguvu ambayo hana. Anayeamua ni Marekani. Ruzuku zao ndizo zilizoua bei. Mkulima wa Mali anapigana na hazina ya Washington, utasemaje ni yeye anayeamua?

#5 Sahelini

Mtafuta Ukweli, sijasema anaamua bei. Nimesema anaamua kama apande au asipande kwa bei aliyopewa, na uamuzi huo ndio unaoonekana kwenye tani. Ila hoja yako ya ruzuku ni ya kweli na naomba niipe nafasi yake.

Mwishoni mwa 2001 bei ya dunia ilishuka chini ya senti 40 za dola kwa ratili moja ya pamba nyuzi (iliyokwisha kuchambuliwa), kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwanzo wa miaka ya 1970. Msimu huo serikali ya Marekani iliwapa wakulima wake wa pamba wapatao 25,000 zaidi ya dola bilioni 3. Wale waliendelea kulima kana kwamba bei haijashuka, pamba ikajaa sokoni, bei ikazidi kukandamizwa. Mkulima wa Sikasso, anayevuna kwa mkono, asiye na umwagiliaji, ambaye gharama yake kwa kilo ni miongoni mwa ndogo kabisa duniani, ndiye aliyeambiwa hana ushindani.

Mwaka 2003 nchi nne, Mali, Burkina Faso, Benin na Chad, zikaungana. Rais Amadou Toumani Touré wa Mali na Blaise Compaoré wa Burkina waliandika makala ya pamoja kwenye New York Times Julai ya mwaka ule, na Septemba wakaipeleka hoja mbele ya WTO, Shirika la Biashara Duniani, kule Cancún. Mkutano ulivunjika. Brazil ilichukua njia ya mahakama za WTO, ikashinda, rufaa ya Marekani ikagonga mwamba 2005, na mwaka 2014 wakamalizana kwa Marekani kuilipa Brazil dola milioni 300. Benin na Chad zilishiriki kesi ile kama wahusika wa tatu. Pesa zilienda Brazil. Mkutano wa WTO wa Nairobi, Desemba 2015, nao ulipitisha azimio la kuondoa ruzuku za kuuza pamba nje, jambo jema, lakini ruzuku kubwa zilikuwa zile za ndani ya nchi na hizo hazikuguswa.

Sasa tazama hili ndugu yangu. Bei ya dunia iliwaangukia Mali, Burkina na Benin kwa pamoja. Lakini poromoko la 2000/01 lilikuwa la Mali. Jirani zake hawakuanguka hivyo. Na 2003/04, bei ya dunia ikiwa bado haijatengemaa vizuri, Mali ilivuna tani 620,000 kwa sababu CMDT ililipa faranga 200. Nguvu ya nje ipo na ni kubwa, ila inapita kwenye mikono ya watu wa ndani kabla ya kumfikia mkulima.

#6 Kinu Namba Tatu

Nimefanya kazi kwenye vinu vya kuchambua pamba maisha yangu yote ya ajira, niongeze kidogo kwa upande wa kiwanda.

Tani ambazo mleta uzi anazitaja ni za pamba mbegu, yaani pamba inavyotoka shambani. Ikishachambuliwa, Mali hupata karibu asilimia 42 ya nyuzi. Kwa anayejua kazi hii, hicho ni kiwango cha juu sana, kwetu hatufiki hapo. Siri kubwa ipo kwenye mbegu. Wafaransa walikuwa na taasisi ya utafiti wa pamba tangu 1946, na kwa miongo mingi walichagua aina zinazotoa nyuzi nyingi kwa kilo. Wao wanachambua kwa mashine za misumeno, sisi kwa sehemu kubwa tumetumia za roli. Roli inatunza nyuzi vizuri lakini ni ya polepole.

Na kuvuna kwa mkono ni faida. Mashine inavuna kila kitu, jani na kijiti. Mkono unachagua. Tatizo la kuvuna kwa mkono ni mifuko ya sandarusi, nyuzi zake zikiingia kwenye pamba hazionekani hadi kitambaa kimepakwa rangi. Mnunuzi anakata bei kwa hilo. Pamba ya Afrika yote, Mashariki na Magharibi, inapoteza pesa hapo, na dawa yake ni mfuko wa kitambaa cha pamba wakati wa kuvuna. Jambo dogo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayeligharamia.

#7 Mama Zawadi

Asanteni kwa elimu. Mimi nauliza kama mama. Hizi tani zote, mkoa wa pamba wana hali gani nyumbani? Watoto wanashiba? Maana nimeishi sehemu ya zao la biashara, mwanaume analipwa, mwanamke anapalilia.

#8 Sahelini

Mama Zawadi, umeuliza swali ambalo watafiti wamelipa jina kabisa: kitendawili cha Sikasso. Mkoa wenye mvua nyingi kuliko yote, pamba, mahindi, viazi, maembe, lakini takwimu za umaskini na utapiamlo wa watoto zikawa mbaya kama za mikoa ya jangwani au zaidi. Watafiti wamebishana sana kuhusu namna umaskini ulivyopimwa, kwa sababu ukihesabu ng'ombe, plau na baiskeli, familia za pamba zina mali kuliko wengine. Ila kuhusu watoto, ubishi unapungua. Wakati wa kupalilia na kuvuna mama yuko shambani kutwa nzima. Malipo yanaingia kwa mkuu wa kaya, na kaya kule zinaweza kuwa na watu 20 au 30 wanaokula pamoja. Wanawake wana vipande vyao vya karanga na mpunga wa mabondeni, wanavilima baada ya shamba la familia.

Kuna upande wa pili nisiufiche. Mbolea ya mkopo wa pamba ndiyo inayolisha mahindi. Mwaka huu shamba lina pamba, mwaka ujao mahindi yanakula mabaki ya mbolea ile, mwaka wa tatu mtama au uwele. Kusini mwa Mali ni ghala la nafaka la nchi, na sehemu kubwa ya sababu ni mkopo wa pamba. Ndiyo maana siku pamba inapokatwa mbolea, mahindi nayo yanashuka.

#9 Nipo Bamako

Wakuu salaam kutoka Bamako, nipo huku kikazi. Mleta uzi yuko sahihi kwa mengi. Mimi linalonisumbua ni lingine. Nchi inatoa maelfu kwa maelfu ya marobota, lakini pamba inayosokotwa na kufumwa humu ndani ni karibu asilimia 2. Nyingine yote inapakiwa kwenye malori kwenda Abidjan, Dakar au Conakry, na kutoka hapo inapelekwa Asia, Bangladesh na Vietnam miongoni mwao. Kiwanda cha nguo cha Ségou, COMATEX, kilijengwa kwa msaada wa China mwishoni mwa miaka ya 1960, kimepitia misukosuko mingi. Umeme ni ghali na haukai. Mitumba imejaa. Bazin wanayoipenda sana watu wa huku, kitambaa chake kinatoka Ulaya na China, wanachofanya kinamama wa Bamako ni kukitia rangi, na wanakitia rangi kwa ustadi mkubwa mno.

Januari 2022 ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilipofunga mipaka na Mali kwa vikwazo hadi Julai, hapo ndipo wengi waligundua ubaya wa kuuza malighafi tu kutoka nchi isiyo na bahari. Marobota yalikuwa yamejaa kwenye yadi, na njia zilizobaki wazi zilikuwa Guinea na Mauritania.

#10 Bariadi Kwetu

Na mbegu za GMO, zilizobadilishwa vinasaba? Nilisikia Burkina waliingia wakatoka. Mali je?

#11 Sahelini

Burkina waliingia rasmi 2008 na pamba ya Bt, aina ya GMO ya kampuni ya Monsanto. Funza wa vitumba alipungua kweli, dawa zikapungua, wakulima wengi waliifurahia. Lakini nyuzi zilitoka fupi kuliko za aina yao ya asili, pamba yao ikapoteza daraja sokoni, na 2016 kampuni za pamba zikaachana nayo. Kinu Namba Tatu atawaeleza vizuri zaidi milimita moja inamaanisha nini kwa mnunuzi.

Mali haikufika hatua ya kuilima kibiashara. Ilipitisha sheria ya usalama wa kibayolojia 2008, lakini kabla ya hapo lilitokea jambo ninalotamani lingejulikana zaidi. Januari 2006 pale Sikasso kiliitishwa kikao cha wananchi, wakulima 45 wakasikiliza wanasayansi na watetezi wa pande zote kwa siku kadhaa, wakauliza maswali, kisha wakatoa uamuzi. Walikataa, na wakaomba utafiti uelekezwe kwenye mbegu zao wenyewe. Mtu anaweza kukubaliana nao au la. Mimi ninachokiheshimu ni kwamba waliulizwa.

#12 Mtafuta Ukweli

Haya nimekuelewa kuhusu 2000. Lete 2007 na 2020 kama ulivyoahidi.

#13 Sahelini

2005: bei inatoka faranga 210 kwenda 160 chini ya utaratibu mpya wa kuifunga na bei ya dunia, uliosukumwa na wafadhili. Wakati huo huo mbolea inapanda na malipo kwa wakulima yanachelewa kwa miezi. Uzalishaji unatoka tani 534,000 msimu wa 2005/06 hadi karibu 242,000 msimu wa 2007/08, na ukabaki huko chini miaka kadhaa. Mvua za 2007 nazo zilichelewa, nakubali, lakini mvua za kuchelewa hazidumu misimu minne. Kilichoinua tena ni bei: mapema 2011 pamba duniani ilivuka dola 2 kwa ratili, Mali ikalipa faranga 255, na 2011/12 wakavuna tani 445,000. Kutoka hapo ruzuku ya mbolea, mfuko kwa faranga 11,000, ikawapeleka hadi tani 728,000 mwaka 2017/18. Rekodi ya wakati ule.

2020 ndiyo inayoniumiza zaidi kwa sababu ilikuwa inazuilika. Msimu uliotangulia bei ilikuwa 275. Korona ikaja, bei ya dunia ikaanguka, serikali ikatangaza 200, na ruzuku ya mbolea ikawa haieleweki. Wakulima wakasema hatulimi. Serikali ikashtuka ikapandisha hadi 250 na kurudisha ruzuku, lakini pamba ya Mali hupandwa Mei na Juni. Mahindi yalikuwa yameshaota. Ukipanda pamba Julai katikati huko unajitafutia hasara, mvua zinakata kabla vitumba havijakomaa. Eneo lililolimwa likaanguka kutoka zaidi ya hekta 700,000 hadi kama 165,000, na mavuno yakawa tani 147,000. Moja ya tano ya kawaida! Agosti serikali ile ikapinduliwa. Sisemi pamba ndiyo iliyoipindua, sababu zilikuwa nyingi, lakini kusini mwa nchi watu walikuwa wamekata tamaa nayo tangu Mei.

Mwaka uliofuata: bei 280, mbolea ikafika, na tani zikarudi juu ya 700,000. Udongo ule ule, watu wale wale.

Jambo moja zaidi ambalo rekodi zinalificha. Ongezeko lote hili ni la eneo. Miaka ya 1980 hekta moja ilitoa tani 1.2 au 1.3. Leo ni tani moja hivi, mara nyingi pungufu. Ardhi inapumzishwa kidogo au haipumzishwi, mabua yanachomwa au kuliwa na mifugo, samadi haitoshi, na mashamba yanafunguliwa kwenye udongo wa changarawe ambao zamani uliachwa. Kwenye ripoti tani 728,000 zinaonekana ushindi. Shambani zinamaanisha hekta nyingi zaidi za kupalilia kwa mkono.

#14 Kinu Namba Tatu

Na 2022? Nasikia walishuka tena na bei ilikuwa nzuri.

#15 Sahelini

Hapo hoja yangu ya uamuzi wa wakulima haitumiki, nakiri bila shida. Bei ilikuwa 285 na walipanda kwa wingi. Aliyewaangusha ni mdudu, chawajani wa aina mpya kutoka Asia, Amrasca biguttula, aliyelipuka mwaka ule Mali, Burkina, Ivory Coast, Benin, Togo na Senegal kwa pamoja. Kingo za majani zinajikunja, zinageuka njano, kisha nyekundu, kisha shamba zima linaonekana limeungua. Mali ilivuna takriban tani 390,000. Dawa zilizozoeleka hazikumweza, mikopo ikabaki vijijini.

#16 Bariadi Kwetu

Mkuu huyo chawajani sisi tunamjua kwa aina zake za huku. Aina za mbegu za Ukiriguru, kituo chetu cha utafiti wa pamba, zile zinazoanza na herufi UK, zilichaguliwa tangu zamani zikiwa na majani yenye vinyweleo, chawajani anapata tabu kufyonza na kutaga. Babu yangu alikuwa akipapasa jani kwa kidole kabla ya kukubali mbegu mpya. Wao hawana mbegu zenye vinyweleo?

#17 Sahelini

Wanazo zenye vinyweleo vya wastani, lakini kwa miaka mingi mbegu zao zilichaguliwa zaidi kwa wingi wa nyuzi, kama alivyosema Kinu Namba Tatu. Sasa hivi wanategemea kutibu mbegu kabla ya kupanda, dawa za aina mpya zinazotolewa mapema mche ukiwa mdogo, na kupanda mapema. Kila nyongeza ya dawa inaingia kwenye deni la msimu, na hapo tunarudi kwenye hesabu ya mkulima.

Bariadi, ukipata nafasi ya kuongea na watu wa utafiti Ukiriguru, waulize kama mbegu zao za zamani zenye vinyweleo zimewahi kujaribiwa dhidi ya huyu wa Asia. Nikienda tena Sikasso nitauliza swali hilo hilo upande wa kituo chao cha utafiti, kisha tuandike hapa hapa tulichopata.